Difu ya Nyuma Iliyokuwa Inaguna Kwenye Kona

Kipilefti cha Mnara wa Saa hapa Arusha ndicho kilichonionyesha kwamba gari lina tatizo. Nilikuwa nakizunguka taratibu, usukani nimeukata sana, nyuma kukaanza kuguna: gru, gru, gru, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Mtikisiko ukapanda mpaka kwenye kiti. Nikinyoosha usukani, kimya.

Gari lenyewe ni Nissan Patrol ya zamani. Fundi wa kwanza aliliendesha kidogo tu akasema difu, lile boksi la meno linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, imekufa, tutafute ya mtumba. Roho ilikataa. Kwenye njia ya changarawe ya kwenda nyumbani kuna kona kali kuliko ile, na huko halikuwa linaguna hata kidogo. Meno ya difu yakiwa mabovu, yatachaguaje lami?

Nilihakikisha kwanza foo-wili, yaani kuendesha kwa magurudumu yote manne, haijabaki imeingia, maana hiyo nayo hubana gari ukikata kona kwenye lami. Nikaziachia hab zote mbili za mbele, zile zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli. Mguno uleule. Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja aliyehangaika na magari ya watalii miaka mingi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Oili ya difu ulibadilisha lini?”

Hata gari alikuwa hajaligusa. Nikamwambia mwezi uliopita, nikaweka gia oili ya kawaida. Akaingia uvunguni na tochi, akakwangua tope kwa bisibisi, akafuta kwa kitambaa. Kikatokea kibati kidogo kilichoandikwa kwamba humo iwekwe oili ya LSD (limited-slip differential, difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure) peke yake.

Gari likikata kona, tairi la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu ya kawaida inayaachia yatofautiane. Ya LSD kama hii ina sahani nyembamba zilizobanana, ili tairi moja likiteleza kwenye tope, lingine liendelee kusukuma. Kwenye kona sahani hizo zinatakiwa kuteleza zenyewe kwa zenyewe, na kinachozitelezesha vizuri ni dawa iliyomo kwenye oili yake. Dawa ikikosekana, zinang'ang'ania, zinaachia, zinang'ang'ania tena. Huo ndio mguno. Kwenye changarawe tairi linateleza lenyewe, kwa hiyo sahani hazilazimiki.

Mzee akanyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, ya mbele yamewekewa vigingi, gia iko fri, akazungusha moja kwa mkono. La pili likafuata upande uleule; la difu ya kawaida lingerudi kinyume. Maana yake sahani bado zinabana. (Tafadhali usiwashe gari ukaingiza gia huku umenyanyua upande mmoja tu. LSD italisukuma lidondoke kwenye jeki.)

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Tairi moja la nyuma lilikuwa jipya, lingine limelika. Tulipoyapima kwa futikamba, mizunguko yao ilipishana karibu sentimita 3, kwa hiyo sahani zilikuwa zinasuguana hata barabara ikiwa imenyooka. Nikanunua la pili lifanane na mwenzake.

Oili tukaibadilisha siku hiyohiyo. Mzee alifungua kwanza nati ya kujazia ndipo akagusa ya kumwagia. Ukianza na ya chini, halafu ya juu ikagoma, umebaki na difu kavu. Oili ilitoka nyeusi. Niliisugua vidoleni, haikuwa na vipande vya chuma, nikashusha pumzi. Tukajaza gia oili ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90, iliyoandikwa LSD mpaka ikachuruzika tundu la juu.

Halafu nikaenda uwanja wa wazi, nikachora namba nane taratibu, kulia na kushoto, mara kumi hivi, oili ipenye katikati ya sahani. Mguno ulipungua palepale lakini haukuisha. Baada ya kilomita 500 nikaimwaga ile nayo, nikajaza nyingine, maana ya zamani ilikuwa bado imejificha kwenye sahani. Tangu hapo nazunguka Mnara wa Saa kimya.

Kibati nimekisafisha, na kando ya nati ya kujazia nimeandika kwa rangi nyeupe: OILI YA LSD TU.