Siku ya mavuno kwenye vilima vya Canelli

Saa 12 asubuhi. Ukungu umelala bonde zima la mto Belbo, lakini sisi tumeshapanda shambani. Ni Septemba, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Tunakata Moscato Bianco, zabibu nyeupe yenye harufu inayokufikia kabla hujashika kichala.

Saa 2. Mteremko ni mkali, mashine haipandi, kwa hiyo ni mkasi na kreti. Mmoja anakata upande huu wa mstari, mwenzake upande wa pili. Wengi wametoka Makedonia. Mimi nimekulia Dodoma, ambako mizabibu hustawi tambarare na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapa ni mara moja tu, kwa hiyo punje ikidondoka tunainama kuiokota.

Saa 6 mchana. Mkate, jibini, maji mengi. Kivuli ni cha kugombania.

Saa 8. Napeleka mzigo kiwandani, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Wengi hudhani mvinyo mtamu umetiwa sukari. Hapana! Utamu wote ni wa zabibu. Juisi hupozwa hadi karibu nyuzi 0 ili isichachuke, kisha huhamishiwa kwenye tangi la chuma lililofungwa na kuachwa ipate joto kidogo. Hamira inakula sukari na kutoa kileo na gesi. Gesi haina pa kutokea, inabaki ndani ya mvinyo. Kileo kikifika asilimia 5 hivi, tangi linapozwa tena, hamira inalala, kisha inachujwa. Sukari inayobaki huzidi gramu 100 kwa lita. Hiyo ndiyo Moscato d'Asti. Njia ya tangi ilibuniwa na Federico Martinotti wa mji wa Asti mwaka 1895. Asti Spumante hutokana na zabibu hiyohiyo, ila huachwa ichachuke zaidi. Presha ya gesi yake ni kubwa, ndiyo maana kizibo hufungwa kwa waya.

Saa 11 jioni. Chini ya mji kuna mahandaki marefu ya kuhifadhia chupa, yaliyochimbwa kwenye mwamba laini. Tangu 2014 yamo katika urithi wa dunia wa UNESCO, pamoja na mashamba ya vilima hivi.

Saa 2 usiku. Chakula cha jioni, kisha keki ya kokwa za hazelnut kutoka vilima vya jirani vya Langhe na glasi ya Moscato baridi. Ukiipata kwako, usiiweke kabatini miaka na miaka: harufu ile ya shambani ndiyo hutangulia kupotea.