Charles Burnett na filamu iliyochelewa miaka thelathini
Charles Burnett, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1944 na kukulia Watts, Los Angeles, alitengeneza filamu ya Killer of Sheep akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, kwa bajeti isiyofika dola 10,000, akirekodi siku za mwisho wa wiki na kuwatumia zaidi watu ambao kuigiza haikuwa kazi yao. Ilikamilika mwaka 1977, lakini kwa kuwa haki za nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa, haikuingia rasmi kwenye majumba ya sinema hadi 2007. Hata hivyo, nafurahi kwamba hakuziondoa: katika onyesho moja, mhusika mkuu, mfanyakazi wa machinjioni, anacheza taratibu na mkewe mbele ya dirisha, wimbo wa Dinah Washington ukisikika, kisha mume anajitoa mikononi mwa mkewe kimya kimya, akiwa amechoka mno. Oscar ya heshima Burnett alipewa mwaka 2017.