Siku Msuluhishi Alipopiga Magoti Sakafuni

Kifungu cha usuluhishi kilikuwa katika ukurasa wa mwisho wa mkataba wetu wa ujenzi, nami nilikitia saini bila kukisoma kwa makini. Kilisema kwamba mgogoro wowote ungeamuliwa na msuluhishi mmoja, atakayekubaliwa na pande zote mbili, na kwamba uamuzi wake ungekuwa wa mwisho. Mwenye ghala alipokataa kunilipa fungu la mwisho kwa madai kwamba sakafu ilikuwa imepasuka, nilikimbilia mahakamani. Mahakama ikasimamisha shauri na kuturudisha kwenye kifungu kile kile.

Tulimteua mhandisi wa ujenzi, si mwanasheria. Pendekezo hilo lilikuwa la wakili wangu, nami hadi leo namshukuru, kwa kuwa asubuhi ya kusikilizwa shauri yule mzee aliyaacha majalada mezani, akatuongoza sote hadi ghalani, akapiga magoti na kuanza kuligonga zege kwa nyundo ndogo huku ametega sikio. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwamo katika hati ya upande wowote: "Ndugu mkandarasi, zege hili lilimwagiliwa maji kwa siku ngapi?"

Niliagiza daftari la kazi liletwe. Zege changa huhitaji kutunziwa unyevu kwa siku 7 hivi au zaidi, ili lifikie nguvu ambayo kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Daftari letu, kwa mwandiko wa msimamizi wangu mwenyewe, lilionyesha kwamba umwagiliaji ulikoma siku ya 3. Nililikabidhi. Mzee akalipitisha kwa mwenye ghala na wakili wake, akawaacha waseme, kisha akanipa nami nafasi ya kujibu, na nilikuwa na machache sana ya kujibu.

Tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, ilitoka kwa maandishi pamoja na sababu zake: nililipwa kuta na paa, nikakatwa gharama ya kuirudia sakafu. Nilipomwuliza wakili kuhusu rufaa, alinieleza kwamba kwa kawaida mahakama haipimi ushahidi upya. Hutengua tuzo kwa sababu chache tu, kama vile mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au msuluhishi kuvuka mipaka ya aliyokabidhiwa. Mimi nilikuwa nimesikilizwa, tena na mtu aliyelijua zege. Nikairudia aya inayotaja siku ya 3, nikaisoma mara mbili, kisha nikatia saini hati ya kupokea tuzo.