Mwisho Ulikuwa Umeshaandikwa

Tafakari ya Majilio. Masomo: Habakuki 2:3, Luka 2:22-38

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Majilio yameingia, mshumaa wa kwanza umeshawashwa, na kama kawaida tutahubiriwa juu ya kungoja. Leo mniruhusu nianzie mbali kidogo, Marekani, kwa mtunzi wa hadithi ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa James Oliver Rigney, mwenyeji wa Charleston, South Carolina. Alipigana Vietnam, akarudi nyumbani akasomea fizikia, na hatimaye akaanza kuandika kwa jina la Robert Jordan. Januari 1990 alitoa kitabu cha kwanza cha The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, hadithi ya vijana wa kijiji cha wakulima wanaolazimika kukimbia kwao na kujikuta katikati ya vita vya nuru na giza. Vilikusudiwa vitabu 6. Cha 6 kilipotoka, mambo ndiyo kwanza yalikuwa yanapamba moto. Kufikia Oktoba 2005 vilikuwa vimefika 11, ukiacha kimoja cha pembeni kinachosimulia yaliyotangulia, na msomaji aliyeanza akiwa mwanafunzi sasa alikuwa na watoto wanaosoma.

Najua yupo atakayeuliza kama mtu aliyeokoka anapaswa kusoma vitabu vyenye mambo ya uchawi ndani yake. Ni swali la haki, na sitaki kumkwaza yeyote. Mimi nilivisoma, tena vya mtumba, cha tatu nikakipata kabla ya cha kwanza kama ilivyo kawaida ya vitabu vya mtumba, na imani yangu haikuteteruka. Ila leo sivileti kwenu kama somo la kusoma. Ninachotaka tukitazame ni wale watu waliokuwa wakingoja.

Walikuwa mamilioni, na walingoja kwa bidii ambayo makanisa yetu yangeionea wivu. Kila kitabu kipya kilipokaribia kutoka, wengi walirudia vyote vya nyuma, maelfu ya kurasa, wakitafuta dalili walizozipita. Katika kitabu cha 5, cha mwaka 1993, kuna mhusika aitwaye Asmodean ambaye anafungua mlango, anamwona mtu anayemjua, na anauawa papo hapo. Mwandishi hakusema muuaji ni nani. Basi watu wakaanza kubishana. Waliorodhesha washukiwa, wakapima nani alikuwa mji gani siku ile, wakaandikiana hoja ndefu kuliko za mawakili. Jibu lilikuja 2010, miaka 17 baadaye, tena likiwa limewekwa kwenye orodha ya maelezo ya majina nyuma ya kitabu cha 13, kama jambo la kawaida tu.

Ninapokumbuka hilo huwa nawafikiria wale waandishi na wakuu wa makuhani katika Mathayo 2. Herode anawauliza Kristo azaliwa wapi, nao wanajibu bila kupekua gombo: Bethlehemu ya Uyahudi. Andiko wanalo kichwani. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9, safari ya asubuhi moja kwa miguu, na Mathayo hamtaji hata mmoja wao aliyekwenda kuangalia. Waliokwenda ni wageni kutoka mashariki, ambao hata mji wenyewe ilibidi waulize. Tunao ndugu zetu wa namna hii, na siku nyingine ni sisi wenyewe. Mtu anaweza kukuchorea chati nzima ya nyakati za mwisho, pembe kumi na vichwa saba kila kimoja na nchi yake, lakini jirani anayeumwa hajamtembelea tangu Pasaka. Yesu aliwaambia mitume kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira. Sijui kwa nini sehemu hiyo ya Matendo haichorwi kwenye chati.

Turudi kwa wale wasomaji. Kungoja kukirefuka huchacha. Kitabu cha 10 kilipotoka 2003 kilikuwa kinene kama wenzake, ila hadithi ilikuwa haijasogea, na walalamikaji wakawa wengi. Wakasema mzee amechoka. Wakasema anarefusha makusudi apate fedha. Kuna mwandishi mwingine wa Marekani, George R. R. Martin, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1948 na Jordan, ambaye wasomaji wa mfululizo wake mkubwa wamekuwa wakingoja kitabu kinachofuata tangu 2011. Huko wapo wanaopiga hesabu ya umri wake mbele ya watu, wakijiuliza kama atafika. Mtu aliyewapa furaha ya miaka mingi amegeuka kuwa kizuizi kati yao na ukurasa wa mwisho.

Petro aliwasikia watu wa aina hiyo. "Iko wapi ahadi ile ya kuja kwake?" walisema, "kwa maana, tangu hapo babu zetu walipolala, vitu vyote vinakaa hali iyo hiyo." Tukisoma maneno haya tunawadhania watu wa nje, wadhihaki wasiomjua Mungu. Lakini maneno hayo yanatoka pia kwenye midomo iliyotoka kuimba tenzi. Dada ameombea ndoa mpaka ameacha kuitaja kwenye maombi. Kesi ya kiwanja imepita kwa mahakimu wanne. Mzee anamwombea kijana wake wa mwisho aache pombe, na kijana anazidi. Hatuthubutu kusema Bwana amechelewa, tunasema tu kwamba "tumemwachia yeye", na sauti inatusaliti.

Machi 2006 Jordan aliwatangazia wasomaji wake kwamba anaumwa amiloidosisi, ugonjwa ambao protini isiyo ya kawaida hujikusanya mwilini, na kwake ilikuwa kwenye moyo. Kitabu cha 12, kile ambacho ndicho kingekuwa cha mwisho, kilikuwa bado kinaandikwa. Alishasema kwa utani kwamba kitakuwa kimoja tu, hata kama wachapishaji watalazimika kubuni namna mpya ya kujalidi na duka kumpa mnunuzi kigari cha kukibebea. Akaenda kutibiwa katika hospitali ya Mayo Clinic, akaendelea kuandika kadiri mwili ulivyomruhusu. Mwili ulipokataa, akaanza kusimulia. Aliwasimulia mkewe na jamaa zake wa karibu jinsi hadithi inavyokwenda kuisha, nani anapona na nani hapati kupona, na mengine yakaandikwa kutoka kinywani mwake. Na sehemu moja alikuwa ameshaiandika kwa mkono wake mwenyewe: tukio la mwisho kabisa. Tarehe 16 Septemba 2007 alifariki, akiwa na umri wa miaka 58.

Mjane wake, Harriet McDougal, alikuwa pia mhariri wake tangu kitabu cha kwanza. Hebu fikirini mzigo wa mwanamke huyo. Amemzika mume, na nyumbani ana makaratasi ambayo mamilioni ya watu wanayataka. Wiki ileile ya msiba kuna mtu alimwonyesha maneno ya rambirambi yaliyoandikwa na kijana aitwaye Brandon Sanderson, mwandishi ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa na miaka 2 tu tangu kitoke, na ambaye alikuwa amevisoma vya Jordan tangu ujana wake. Harriet akasoma kitabu kimoja cha huyo kijana, kisha akampigia simu kumuuliza kama angekubali kuimalizia kazi ya marehemu.

Desemba 2007 Sanderson alikwenda Charleston. Alipofika ilikuwa jioni, na jambo aliloliomba usiku uleule wa kwanza lilikuwa aone mwisho. Akapewa zile kurasa, akakaa akazisoma. Kabla hajaandika hata sentensi moja ya kwake, tayari alijua hadithi inatua wapi, kwa maneno ya mwenye hadithi.

Hapo ndipo nilipokwama siku nyingi, na ndipo ninapotaka tukae juma hili.

Kwa maana baada ya usiku ule kazi ilikuwa bado ngumu kupindukia. Maandishi na maelezo ya kitabu hicho yalikuwa kama kurasa 200, mengine yamekamilika, mengine ni mstari mmoja tu unaosema fulani anafanya hivi. Kile kitabu kimoja cha kigari kikawa vitatu. Cha kwanza kilitoka 2009, cha pili 2010, na cha mwisho, cha 14 katika mfululizo, tarehe 8 Januari 2013. Ni miaka 5 ya kuandika kuelekea ukurasa ambao ulikuwa umeshaandikwa na mtu aliyekwisha kuzikwa. Sanderson hakuwa na haja ya kubuni mwisho, wala kuuhofia. Alipewa tu pengo la kujaza, na akalijaza kwa kutoka jasho. Wasomaji nao wakajua kwamba mwisho upo, umehifadhiwa mahali salama, na wengi wao manung'uniko yaligeuka kuwa kitu kingine. Walikuwa bado wanangoja, lakini sasa walingoja kama watu wenye deni la shukrani.

Sisi Wakristo tumefanywa kama Sanderson usiku ule. Tumepewa kurasa za mwisho kwanza. Ufunuo 21 na 22 zimo kwenye Biblia ya kila mmoja wetu, hata ile iliyochanika jalada: machozi yanafutwa, mauti haipo tena, mji umeshuka, mlango haufungwi. Hatukufichiwa. Katikati ndiko kulikojaa mistari mifupi isiyojitosheleza, na huko katikati ndiko tunakoishi, tukijua hadithi inakwenda wapi na tusijue kesho asubuhi inapitia wapi.

Mfano huu una mahali unapovunjika, tena vibaya. Jordan alikufa na kazi yake ikamtegemea mtu mwingine. Bwana wetu alikufa pia, lakini hakutuachia makaratasi na mjane. Alifufuka, na Waraka kwa Waebrania unamwita mwenye kuanzisha na mwenye kutimiza imani yetu, mmoja na yuleyule. Kwa hiyo tukisema tunangoja, hatungoji kama watu wanaotumaini warithi watakuwa waaminifu.

Ila kuna jambo halivunjiki. Kati ya 1990 na 2013 bila shaka wapo wasomaji waliokufa na alamisho ikiwa kwenye kitabu cha 8 au cha 11. Na Waebrania 11 ni sura ya watu kama hao. Ibrahimu kwenye mahema. Yusufu akiagiza habari za mifupa yake. Mwandishi anawapanga mmoja mmoja, kisha anasema kwamba hawa wote "hawakuipokea ahadi", na sababu anayoitoa inanishangaza kila ninapoisoma: "ili wao wasikamilishwe pasipo sisi." Ibrahimu naye anangoja. Anatungoja sisi tumalize sehemu yetu.

Sasa fungueni Luka 2. Simeoni alikuwa ameahidiwa kwamba hataona mauti kabla ya kumwona Kristo wa Bwana. Luka hatuambii alingoja miaka mingapi. Anatuambia tu alivyokuwa: mwenye haki, mcha Mungu, akiitarajia faraja ya Israeli. Siku ile Roho anamwongoza hekaluni, na anakuta nini? Mama mzazi aliyetimiza siku zake 40, mume wake, na sadaka ya watu wasio na uwezo wa kununua mwana-kondoo, jozi ya ndege. Na mtoto mchanga ambaye hata kusema hajaanza.

Simeoni anampokea mikononi na kusema, "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani, kama ulivyosema, kwa kuwa macho yangu yameuona wokovu wako."

Ameuona? Hakuna kipofu aliyefumbuliwa macho. Hakuna mkate uliomegwa. Warumi bado wako mjini, Herode bado yuko kwenye kiti. Msalaba uko mbali kwa zaidi ya miaka 30, na Simeoni anauona kwa mbali kiasi cha kumwambia Mariamu kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Pasaka hataifikia akiwa hai. Kwa hesabu ya kawaida amepewa sura ya kwanza tu, tena aya zake za mwanzo, na anaomba ruhusa ya kwenda zake kwa amani. Alichokuwa akikingoja maisha yake yote kilikuwa na uso, na ule uso ulipokuwa mbele yake, mengine aliweza kumwachia mwenyewe.

Pembeni yake yuko Ana, mjane mzee wa miaka 84, ambaye huwa tunamsahau. Yeye hakuomba kuondoka. Alimshukuru Mungu, akaanza kuzunguka akiwaambia habari za mtoto wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi wa Yerusalemu. Kungoja kumempa kazi, katika umri ambao sisi tungemwambia bibi apumzike.

Ninyi mnaongoza jumuiya juma hili, naomba mwachie watu nafasi ya kusema kwa majina wanachokingoja, bila kusahihishwa na bila mtu kuwarukia na aya. Kisha someni Ufunuo 21, mistari 7 ya kwanza, polepole, mtoto asome kama yupo. Halafu ombeni hivi, au kwa maneno yenu:

Bwana Yesu, tumekuwa tukiutaka mwisho kuliko tunavyokutaka wewe, utusamehe. Wakumbuke wote waliozikwa mwaka huu wakiwa bado wanakungoja. Tupe sehemu yetu ya kuandika, na mkono usiochoka kabla ya kuimaliza. Wape wazee wetu kazi ya Ana na amani ya Simeoni. Na yule kijana anayekunywa, Bwana, na ile kesi, na lile ombi ambalo dada yetu ameacha kulitaja, tunayataja sisi leo kwa niaba yao. Njoo, Bwana Yesu. Amina.