Hujaupima

Saa nne na nusu usiku. Stima imerudi baada ya siku mbili, Baba Watoto amelala, na mimi nimekaa na daftari la kijani mapajani. Nimepita Bondo wikendi hii, mahari ya mdogo wangu imepokelewa, ng'ombe wamefika na mvua ikanyesha, na mwenye nyumba ametutumia ujumbe kwamba kodi inapanda mwezi ujao. Lakini tangu Jumanne iliyopita kichwani mwangu kuna sauti moja tu, ya mtoto wa miaka 9.

Mnamjua. Ni yule mdogo wa wale binamu wawili wa mtaa wa Tom Mboya hapa Kisumu, yule aliyekataa kuvua viatu vya shule mpaka amalize skeli yake. Nawafundisha kwao, mmoja baada ya mwingine, kwenye kinanda kimoja chenye vibao 61. Shangazi yao anaolewa Agosti na wote wawili watapiga wimbo ule ule siku hiyo, kila mmoja kwa zamu yake. Mkubwa, mwenye miaka 13, nilimpa nakala kamili. Mdogo nilimwandikia yake kwa mkono. Kila palipokuwa na oktavu kwenye mkono wa kushoto, Do ya chini na Do ya juu zikipigwa pamoja, nilibakiza ile ya chini peke yake. Nilikesha nayo. Nilimchorea hata ua pembeni.

Nilipotoka kunawa mikono nilimkuta ameziweka karatasi zote mbili bega kwa bega, anafuata kwa kidole, hapa, halafu hapa.

"Mwalimu, mbona yangu imetolewa noti?"

"Kwa sababu mkono wako bado mdogo, mama."

Akautazama. Akaugeuza, akatazama kiganja.

"Lakini Mwalimu, hujaupima."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Haya, turudi mwanzo. Moja, mbili, tatu." Akapiga karatasi yangu yenye ua, hakukosea hata noti moja, na hakuniangalia tena mpaka nikaondoka.

Ndani ya tuktuk kuelekea Kondele nilimjibu vizuri. Nikimenya vitunguu nilimjibu vizuri zaidi. Bondo, wazee wakihesabu ng'ombe na shangazi zangu wakipiga vigelegele, mimi nilikuwa nimesimama chini ya turubai nikitunga jibu la tano. Nimwambie vidole vinarefuka. Nimwambie wimbo haupungui utamu. Nimwambie hata mimi nilianza hivyo. Kila jibu lilikuwa la kweli na kila jibu lilikuwa linamkwepa. Mtoto hakuniuliza kama mkono wake ni mdogo. Aliniambia nimeukadiria kwa macho, na ni kweli. Niliangalia umri wake nikakata.

Inaniuma hapo kwa sababu hii ndiyo kazi ninayojivunia. Nimeandika hapa mara ngapi kwamba sifundishi kinanda, namfundisha mtu? Yule mhasibu anayetaka sifa za Jumapili tu, na anataka ajue kuzihamisha ufunguo haraka maana kiongozi wao wa sifa hupandisha sauti katikati ya wimbo, tulitupa kitabu tukashika hilo peke yake. Yule kijana wa Milimani anayejiandaa kwa gredi ya 5 ya ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza, naye tunakwenda na silabasi mstari kwa mstari kwa sababu ndicho anachohitaji. Yule mvulana asiyekaa kitini dakika 10, mapigo tulijifunza kwa kutembea uani, mguu wa kushoto ni moja. Kila mtu na ukurasa wake. Wazazi huniambia, Mwalimu, wewe unawajua watoto wetu. Nami nilikuwa nimeanza kuamini.

Ijumaa nilipita soko la Jubilee kwa Mama, kwenye cherehani yake. Sikumwambia kitu, nilimwomba tepu tu. Mama hajawahi kutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kupima, hata kwa mteja aliyemshonea miaka 20. "Mwili haukai," ndivyo asemavyo, na mteja hana budi kunyoosha mikono. Utoto wangu wote nimeishi chini ya meza hiyo nikiokota vipande.

Leo, kabla hatujagusa wimbo, niliitoa tepu. Nikamwambia, "Jumanne ulisema kweli. Sikuupima." Hakusema kitu, lakini alisogea haraka sana kwenye kiti.

Kwanza tulipima kinanda. Kutoka katikati ya Do hadi katikati ya Do inayofuata, sentimita 16 na nusu. Alishika ncha ya tepu kwa vidole viwili akasoma mwenyewe. Kisha mkono, umetandazwa juu ya jalada la daftari langu, kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule, ngozi ya katikati imevutika hadi ikapauka. Sentimita 15. Akajaribu kwenye vibao hata hivyo. Kidole cha mwisho juu ya Do, gumba likanyooka, likatetemeka, likaishia ukingoni mwa Si.

"Imebaki kidogo," akasema.

"Kidogo sana."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Niliogopa angenuna, na hakununa hata kidogo. Aliomba kalamu akaandika kwenye ukurasa wake, 15, na tarehe ya leo, akapigia mstari. Nikamsimulia habari za Josef Hofmann, mpiga piano mkubwa wa zamani ambaye mikono yake ilikuwa midogo, hadi kampuni ya Steinway ikamtengenezea piano zenye vibao vyembamba kidogo. Akauliza kama zinauzwa Kisumu. Nikamwambia hapana. Njiani kurudi ndipo nikafikiria kwamba kwa Hofmann walipunguza piano. Noti waliziacha zote.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Alikanyaga pedali, akapiga Do ya chini, akaiacha iendelee kulia, akarusha mkono hadi Do ya juu. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili alitua kwenye Re. Mara ya tatu mkono ulishuka mahali pake na noti zote mbili zikawa zinalia pamoja, na binamu yake aliyekuwa mlangoni akasema, "Eh!" Tulifanya hivyo nusu saa nzima. Zile Do za juu nilizozitoa alizirudisha mwenyewe kwa kalamu, kubwa kuliko zangu, moja imeangukia juu ya ua.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilitembea kwa miguu badala ya kupanda pikipiki.

Lakini jioni nilifungua daftari ili niandike ya leo, na mkono ukapita kwenye ukurasa wa Mzee wa Riat. Mwandiko wangu wa Septemba: "Miaka 68. Gitaa. Tenzi, polepole." Basi. Siku ile ya kwanza Mzee aliniambia kwamba baba yake alipiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, na kwamba yeye mwenyewe alimwona kwa macho yake D.O. Misiani, yule nguli wa benga, miaka mingi kabla ya ile ajali ya 2006 iliyomuua. Alinionyesha kwa vidole, juu ya goti lake, jinsi gitaa la solo linavyokwenda. Nilimsikiliza kwa heshima kama mtu anavyomsikiliza mzee akikumbuka ujana. Kisha nikafungua tenzi. Miezi yote hii anapiga tenzi, na kila nikiondoka husema, "Asante, binti yangu, umechoka." Alhamisi nitaacha faili nyumbani. Nitamwomba anionyeshe tena vile vidole, nami niweke gitaa mkononi mwake hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia Baba Watoto. Ijumaa pale Jubilee, Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ukapita pembeni mara tatu. Akampa msichana wake wa kazi amtilie, akasema mwanga ni mbaya, ilhali dirisha liko nyuma yake na ilikuwa saa sita mchana. Nilipotaja daktari wa macho akasema baada ya sare za shule. Na tepu aliyonipa ndiyo hiyo moja inayoning'inia shingoni mwake siku zote. Leo ni siku ya tano iko kwenye mkoba wangu, na hajanipigia kuiuliza. Anapima na nini?