Nyoki za robo ya unga

Alhamisi, 29 Januari 2026

Januari inajulikana. Ada, sare, madaftari, na kodi ya nyumba inabisha hodi kabla hujavuta pumzi. Leo jikoni palikuwa na viazi mviringo, kisado kizima nilichochukua sokoni Mabibo, na nyanya, na vitunguu, na basi. Mtu mwenye akili timamu angepika katlesi. Mimi nimepika nyoki, yale matonge madogo ya viazi na unga ya Waitaliano. Wenyewe huandika gnocchi. Mimi nitaandika zinavyotamkwa.

Hamu nilikuwa nayo muda mrefu, ila orodha ya vifaa ilikuwa inanikatisha tamaa. Kila anayefundisha mtandaoni anaanza kwa kukuonyesha kibanio cha viazi chenye matundu, kibao kidogo cha mbao chenye mistari, na mizani ya betri. Kuna duka moja la vyombo Masaki linauza vyote hivyo. Nilikishika kile kibanio, nikaangalia bei, nikakirudisha rafuni taratibu kwa adabu. Pesa yake ingenilisha viazi hadi masika.

Nikawa najiuliza: wakulima wa Kiitaliano walikuwa wakila nyoki kwa karne nyingi, walikuwa na vitu hivi? Nyoki zilikuwepo hata kabla ya viazi. Zilifinyangwa kwa unga, kwa mkate mkavu, kwa semolina. Viazi asili yake ni milima ya Andes, Wahispania ndio waliovipeleka Ulaya katika karne ya 16, na Waitaliano walichukua muda mrefu sana kuviamini. Walipoviamini wakaviingiza kwenye nyoki kwa sababu vilikuwa rahisi na vinashibisha. Ni chakula cha mtu anayehesabu senti. Kukipika kwa vifaa vya Masaki ni kukigeuza kitu kingine.

Kiazi ndicho kila kitu hapa, na Dar es Salaam mtu anayekijua kiazi kuliko wote ni muuza chipsi. Wa mtaani kwetu huvipima mkononi kimoja kimoja, na ukimuuliza anatafuta nini, anakujibu bila kuinua kichwa: "Kikavu, dada. Chenye maji kinakunywa mafuta, chipsi inalegea." Hicho kikavu ndicho nyoki zinachotaka pia. Kiazi chenye wanga mwingi kikiiva kinachanua, kinakuwa cha ungaunga, hakidai ngano nyingi. Chenye maji kinabaki kinanata, na kila ukimwongezea unga anaumeza. (Nimeanza kumwita kiazi "yeye". Joto hili.) Kuna kipimo cha nyumbani: koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza viazi. Vyenye wanga mwingi vitazama, vyenye maji vitaelea. Kipimo ni cha kweli, lakini kikombe kizima cha chumvi kwa ajili ya kuvihoji viazi ni anasa ambayo mama angenisema nayo hadi Pasaka. Nimemfuata muuza chipsi. Vya kwangu ni vya Njombe, kwa maelezo ya mama aliyeniuzia, kutoka kwenye gunia la lumbesa lenye kilemba juu. Vile vichanga, ambavyo ngozi yake inachubuka ukipitisha kidole, nilimwachia.

Nimevichemsha vizima, na maganda yake, nikianzia kwenye maji baridi. Ukivimenya na kuvikatakata kwanza, maji yanaingia kila upande, na maji ndiyo adui wa siku nzima. Kwenye jiko la mkaa vimechukua karibu dakika 40. Kisha unavimenya vingali vinaunguza, umevishikilia kwa kipande cha kanga, unahama kiganja hadi kiganja huku ukipuliza. Hapo hapana cha kusubiri vipoe. Mvuke lazima utoke sasa, maana ukibaki ndani unageuka maji, na maji hayo utayalipia kwa unga.

Sasa kile kibanio. Kazi yake ni kukitawanya kiazi bila kukiponda, na tofauti hiyo ni kubwa. Ndani ya kiazi wanga umekaa kwenye vijifuko vidogo mno. Kiazi kikisukumwa kipite kwenye matundu, vijifuko vingi vinaachana vikiwa vizima. Kikitwangwa, vinapasuka, wanga unamwagika, unapata gundi. Ndiyo maana kinu, chombo ambacho mkono wangu hukikimbilia kwa kila kitu, leo kimekaa kona, na blenda imekaa mbali zaidi. Nimetumia chekeche la unga, lile la waya. La plastiki litapinda. Unaliweka juu ya sinia, unatia kiazi, unakikandamiza kwa mgongo wa upawa. Upande wa chini zinatoka nyuzi nyeupe, nyepesi, zinaanguka kwenye sinia zikifuka mvuke. Inauma bega. Kwa watu wanne inavumilika. Kwa shughuli ya watu hamsini ningerudi Masaki.

Sinia nimeliweka mbele ya feni. Hewa ya Januari hapa mjini inanata kwenye ngozi, sikuona sababu ya kuiachia viazi vyangu.

Mizani ni ya Mangi. Hili nalisema kwa furaha kabisa: kilo moja ya viazi inataka gramu 250 za unga, ukizidi sana 300, na dukani kwa Mangi unga unauzwa kwa robo. Robo ni gramu 250. Nimemtuma mtoto akaleta robo, uzito umeshapimwa na mwenye duka. Yai sikuweka. Wengi huweka kiini cha yai ili tonge lishikane upesi, lakini yai linaongeza unyevu, unyevu unaita unga, na mwisho nyoki zinakuwa ngumu.

Kilicho kigumu kwa mtu aliyelelewa na chapati ni kujizuia. Ngano ikikandwa inajenga mvutano. Kwenye chapati hiyo ndiyo sifa, kwenye nyoki ni balaa, utatafuna raba. Nyunyiza unga juu ya viazi, kusanya kwa vidole, kunja, bonyeza, geuza, kunja tena, na mara tu tonge linaposhikana, ondoa mikono. Ulaini wake uwe wa ndewe ya sikio. Kisha nikachemsha kimoja peke yake cha majaribio. Kingevurugika majini ningeongeza unga kidogo. Kilishika, nikaendelea.

Nilikuwa nimeshasukuma unga kuwa kamba nene za kidole, nakata vipande, navipitisha kwenye mgongo wa uma, mama mdogo akaingia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Akasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, anatazama kibao cha chapati kilichojaa vile vipande. "Idi imerudi? Mbona unatengeneza visheti?"

Mama mdogo amekulia Tanga. Visheti amevifinya tangu hajafika darasa la kwanza: unga wa ngano na samli, vipande vidogo, kila kimoja kinabanwa kwa dole gumba juu ya uma au kitana kipya au kikwangulio, kinaviringika, kinatoka na mikwaruzo mgongoni na kishimo tumboni. Vinakaangwa, vinagaagazwa kwenye shira ya sukari yenye iliki.

"Hivi vinachemshwa," nikamwambia.

"Visheti vya kuchemsha." Akaweka kiatu chini. "Haya. Sogea."

Akaosha mikono, akaudharau uma wangu, akachukua kikwangulio cha karoti, akakilaza. Sikuwa na la kumfundisha. Dole gumba linashuka, linavuta kidogo, kipande kinajikunja na kudondoka. Huku anazungumza habari za mgonjwa wa Magomeni aliyetoka kumwona, wala haangalii mikono. Alimaliza kamba tatu mimi niko kwenye moja.

Nimekuwa nikilifikiria hili jioni yote. Kile kibao cha mistari, ambacho nilikiona dukani kama siri ya watu wengine, kinafanya kazi ambayo shangazi na mama wadogo wa Pwani nzima wanaifanya kila mwisho wa Ramadhani kwa kitana. Hata sababu ni ileile. Kishimo cha tumboni kinapunguza unene wa katikati, kwa hiyo moto unafika kote kwa wakati mmoja, na mikwaruzo ya mgongoni inashika kimiminika, iwe shira au mchuzi wa nyanya. Nilikuwa nahangaika na video ilhali ujuzi wenyewe unakuja kwangu kila wiki kunidai chai. Uma nao si chombo cha dharura, wala hauhitaji kuombewa radhi. Kule Verona, kwenye kanivali yao, kinara wa sherehe hubeba uma mkubwa kupita kiasi wenye nyoki imechomwa juu yake.

Ila kwa haki, za uma wangu zilitoka nzuri zaidi. Kikwangulio kinaacha vidoti, na vidoti havishiki mchuzi sawa na mistari. Sikumwambia.

Kuchemsha ni kufupi. Maji mengi yenye chumvi, yachemke, tia chache chache zisigandane. Zinazama kwanza. Baada ya dakika mbili tatu hewa iliyo ndani inatanuka kwa joto, zinakuwa nyepesi, zinapanda juu zenyewe. Zikipanda, ziache kidogo tu, zitoe kwa kijiko cha matundu, moja kwa moja kwenye sufuria ya mchuzi. Watoto waligombania kuhesabu zinazoibuka.

Mchuzi ulikuwa nyanya, kitunguu swaumu, mafuta, na majani ya mrehani niliyochuma kwa jirani. Jirani alinipa huku akicheka, anadhani nina mwaliko wa harusi, maana kwake mrehani ni wa vikuba, unakaa na asumini kifuani mwa mwanamke, haukai na vitunguu. Nimemrudishia bakuli. Jibini nilikuwa na kipande kidogo cha Njombe kilichobaki tangu Krismasi. Kule kuna kiwanda cha maziwa ambacho Waitaliano walisaidia kukijenga, kwa hiyo jibini na viazi vimetoka mkoa mmoja na sikulazimika kugusa ile ya kuagizwa yenye bei ya kilo ya nyama.

Wakati wa kula ndipo nilipogundua tarehe. Roma, Alhamisi ndiyo siku ya nyoki: unajaza tumbo kabla ya Ijumaa, siku ya kuacha nyama. (Sisi Ijumaa ni pilau, tunajaza tumbo upande wa pili.) Na Argentina na Uruguay, nchi zilizopokea wahamiaji wengi wa Kiitaliano, nyoki huliwa kila tarehe 29, siku ambazo mshahara umekwisha na mwingine haujaingia. Wengine huweka noti chini ya sahani ili mwezi ujao uje na neema. Leo ni Alhamisi, na ni tarehe 29, na ni Januari. Sikupanga; ni mfuko uliopanga. Nikaweka noti ya elfu moja chini ya sahani yangu. Mdogo wa mwisho akauliza, neema ikija, ile noti inakuwa ya nani. Sasa hivi iko kwake.

Zilizobaki nimezitandaza mbichi kwenye sinia lenye unga, nikazigandisha kwenye friza, zikishakuwa ngumu nikazitia kwenye mfuko. Kesho kutwa zinaingia kwenye maji ya moto bila kuyeyushwa kwanza. Ukiziacha mbichi mezani hadi asubuhi, viazi vitatoa maji, utakuta uji.

Mama mdogo amekula sahani mbili, akasema hazina kosa ila zinalia nazi. Anataka tui zito na kamba. Mimi naona tui zito litafunika ladha ya kiazi, labda la pili, jepesi, na ndimu. Tumebishana hadi kituo cha daladala. Tumekubaliana Jumapili: nusu tui, nusu nyanya, na kikwangulio chake anakuja nacho. Nazi analeta yeye. Kukuna, ameshasema, ni mimi.