Vipanga wa Kijivu wa Mkomazi

Gari tulilokodi Same lilikuwa na tairi la spea, na tulioneshwa kabisa. Ambacho mwenye gari hakutuambia ni kwamba spea yenyewe haina upepo hata chembe. Laki mbili na nusu kwa siku, mafuta juu yetu, halafu pancha ikatukuta ndani ya Hifadhi ya Mkomazi, mbali na geti la Zange, jua la saa nne limeshaanza kuchoma. Dereva akapiga simu. Akajibiwa kuna mtu anatumwa sasa hivi. Mtu huyo alifika alasiri.

Basi la kutoka Muheza sitalisimulia, wala gesti iliyonitoza elfu thelathini kwa ndoo ya maji na feni isiyozunguka.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kipare mwenye macho makali kuliko darubini yangu. Alikagua vichaka pande zote, akaturuhusu kushuka, ila tusiache gari. Wenzangu walikaa kivulini wakimlaani mwenye gari. Mimi nilikuwa nimefuata vipanga wadogo wa kijivu, wanaofanana kama watoto wa shule moja, na mmoja alikuwa ametua juu ya mgunga, karibu kabisa. Mgongo wa kijivu, kifua cha kijivu, tumbo jeupe lenye michirizi ya kulala.

"Mzee, huyu utamjuaje?"

"Rangi ya mgongo iache, mwanangu. Wote wana hiyo. Ngoja aruke."

Tukangoja. Nzi wakatutambaa usoni, mikono ikachoka kushika darubini, ndege akajichokonoa manyoya bila haraka. Aliporuka, pale mgongo unapokutana na mkia pakafunguka baka jeupe, pana, lisilo na shaka.

"Gabari," mzee akasema.

Gabari ni jina la kipanga wa aina hiyo. Shikra, kipanga mwingine wa kijivu anayefanana naye, hana baka hilo. Kijivu chake kinateremka moja kwa moja mpaka mkiani, na michirizi yake ya kifuani ni myembamba, ya rangi ya kutu. Yuko mwingine mdogo kuwapita hao wawili, mwenye weupe mwembamba hapo juu ya mkia, lakini yeye ana madoa mawili meupe katikati ya mkia wenyewe, na hupenda zaidi miti iliyoshonana, kama ile ya kandokando ya mito. Ukubwa usiutegemee sana. Jike la kipanga huwa kubwa kuliko dume, na kwa mbali, angani patupu, hakuna cha kumpimia.

Gabari wetu akarudi kwenye tawi lilelile, nami nikamtazama miguu: myekundu, na ngozi iliyo juu ya mdomo nyekundu vilevile. Ya shikra ni njano. Mzee akaniambia wapo gabari weusi tii ambao baka hawana kabisa, na kwao miguu ndiyo ya kutazamwa. Kisha akanionesha kiota chao kwenye panda ya mti. Kilikuwa kimefunikwa utando wa buibui, mzito, umenasa majani makavu na mabawa ya wadudu. Gabari huleta utando huo pamoja na buibui wake, nao wakaendelea kufuma hapohapo. Nilikitazama kiota kile mpaka nikasahau njaa.

Kabla gari jingine halijafika tulimwona na kozi mdogo kuliko wote Afrika, urefu wake kama sentimita 20 tu, amekaa kileleni mwa mti mkavu. Ukipita haraka utadhani ni mbwigu, yule ndege anayetunga panzi kwenye miiba. Lakini huyu alikuwa akiinua na kushusha kichwa, na ngozi inayozunguka jicho ilikuwa nyekundu. Mgongoni alikuwa na rangi ya hudhurungi, basi ni jike, dume hana. Viota hawajengi, huhamia vile vya miiba vya wale ndege wafumaji wakubwa wenye kichwa cheupe.

Kwetu Muheza hawa wote wanaitwa mwewe. Kivuli kikipita uwanjani, mama anapiga sufuria na watoto wanaokota mawe. Mwewe mwenyewe, mwizi wa vifaranga, ni mkubwa, wa kahawia, na mkia wake una panda. Ukimwona anageuza mkia huo hewani huwezi kumchanganya na mwingine. Shikra huweza kunyakua kifaranga siku mojamoja, sikatai. Lakini riziki yake hasa ni mijusi, wadudu na ndege wadogo, na nimeshaona shikra wawili wamelala chini ya mwembe wetu, wameuawa kwa kosa la mwewe. Inaniuma.

Niliporudi nilimweleza mdogo wangu habari ya mkia wenye panda, nikamchorea kwa kijiti mchangani. Akauliza, "Na dada, kama anaruka kasi sioni mkia?" Nikamwambia basi jiwe lisitoke mkononi. Mama akadakia kutoka jikoni kwamba vifaranga ni vyake, siyo vyangu, na mjadala huo bado tunao.